Birika na Beseni

Nimepewa birika.
Mimi ndiye mdogo wa mafundi, na mdogo hunawisha.
Keko Machungwa, hitima ya Fundi Pazi,
turubai limefungwa kwenye nondo za jirani,
masinia ya pilau yanasubiri mikono.

Wa kwanza Mwinshehe, wa Gerezani.
Namiminia. Kiganjani kuna kovu jeupe,
dogo, kama la ndui: hapo ndipo ulipoingia.
Ulipotokea pamefichwa na soksi,
kisigino cha kushoto, nusu yake imeliwa.
"Nje nilipona wiki mbili," husema.
"Ndani niliwaka mwezi mzima,
mkaa chini ya majivu."

Wa pili anatafuta maji kwa vidole.
Kombo huyu alifungua paneli ya kiwanda, Chang'ombe,
bila kuzima, maana bosi alisema mashine zisisimame.
Hakugusa kitu.
Narudia, kwa kuwa watu hawaamini: hakugusa.
Mwanga wenyewe ulitoka ukamfuata.
Nyusi zimeota tena. Macho yamerudi nusu.

Sikujua ana mikono mizima kabisa.
Kwake shoti ilikuwa ndogo, kama siafu,
ila ilimkuta juu ya ngazi, ghorofa ya pili, Tabata.
Anakaa kwa upande mmoja wa nyonga, anacheka:
"Mimi umeme haukuniumiza. Iliniumiza ardhi."

Na Chande, ambaye si fundi, anauza chipsi.
Alimwona mdogo wake kaganda kwenye friji
akamvuta kwa mkono mtupu, nani asingemvuta?
Wakaganda wawili.
Aliyewaachanisha ni binti wa miaka tisa:
hakumshika mtu, alikimbilia swichi.
Vidole viwili vya Chande havijafunguka mpaka leo.
Namwaga maji kwenye ngumi.

Mkono wa Pazi sikuunawisha mimi,
waliunawisha wenye kujua kuosha maiti,
na walitoka wakisema hauna hata mchubuko.
Nilikuwepo. Jumamosi, Ilala, baada ya mvua,
sakafu ina maji, yeye na kandambili zake.
Ulimrusha hadi ukutani.
Akainuka, akaagiza soda baridi,
akasema, "Umeniamkia tu huo."
Nikamwambia twende hospitali.
"Kwa lipi? Nionyeshe jeraha."
Sikuwa na jeraha la kumwonyesha.
Usiku moyo ukapoteza hesabu.

Sasa wanakula. Mtu anasema, Mungu kapanga.
Kapanga, sawa.
Lakini breka ilikuwa hatua nne kutoka aliposimama,
nilizihesabu baadaye, na viatu vyangu nikiwa nimevivua mkononi kama mjinga.

Jumatatu, Kinondoni. Mama mwenye nyumba ana samaki kwenye friza,
anataka soketi ya jikoni kabla ya adhuhuri.
Nazima meini. Naifunga kwa kufuli.
Ufunguo nautia mfukoni mwangu, si mwa mtu mwingine,
maana katika nyumba hii wapo watu sita
na kila mmoja ana kidole cha kuwashia.
Kwa jirani nachomeka tesita mahali ninapojua pana moto: inawaka.
Narudi kwenye waya wangu: kimya.
Natoka tena kwa jirani: inawaka.
Kimya cha waya mfu na kimya cha tesita mbovu
vinafanana kama mapacha,
na Pazi aliwahi kunifundisha hivyo,
Pazi huyohuyo.

Mama anatazama saa.
"Fundi gani mwoga hivi?"
Nafuta mikono mpaka ikauke, kidole kwa kidole,
polepole, kama mtu anayekaribia sinia.
"Wa Keko, mama," namjibu,
na nachukua bisibisi.